Shingo ya Bibi Monica

Nyumbani kwetu Mtongani hatujawahi kuwa na saa ya ukutani. Saa yetu ilikuwa nyundo ya mume wangu. Asubuhi nikiinjika sufuria la uji, yeye yuko uani anaanza kazi. Ko, ko, ko. Nikisikia ameongeza kasi, najua jua limepanda na anaona vizuri. Nikisikia kimya, najua njaa imemuuma. Sasa atakohoa kidogo, ili nimuulize kama anataka chai. Tumeishi hivyo tangu tuko vijana, na mie nilidhani tutaishi hivyo mpaka tuzikwe.

Mume wangu anaitwa Benedikto. Ni Mmakonde wa Newala, kama mie. Kazi yake ni kuchonga vinyago vya mpingo. Mie naitwa Sesilia, ila mtaa mzima unaniita mama Gladness, kwa jina la binti yetu. Nauza uji na vitumbua hapo barazani. Nina maneno mengi, nimeshaambiwa sana, kwa hiyo unayesoma nivumilie.

Uani kwetu kulikuwa na gogo moja la mpingo ambalo halikuguswa kwa miaka mingi. Baba mkwe wangu, mzee Erasmus, ndiye aliyelileta. Alikuja kuishi nasi baada ya kufiwa na mkewe, bibi Monica. Hakuja na sanduku. Alikuja na gogo, limefungwa kwa kanga za marehemu. Watu pale stendi walimcheka. Yeye akasema, "Hili si la kuuza. Hili ni la mama yenu."

Mzee naye akafariki kabla hajalichonga. Gogo likabaki pale uani. Mie nikawa naanikia matambara ya jikoni juu yake.

Mwaka huu, baada ya Pasaka, binti yetu Gladness alijifungua mtoto wa kike. Gladness ameolewa Mbagala. Tulikwenda kumwona mzazi. Mtoto alikuwa mdogo sana, shingo bado laini, unamshika kisogo kwa kiganja ili kichwa kisianguke. "Tumempa jina la Monica," Gladness akasema. Tuliporudi nyumbani Benedikto aliondoa matambara yangu juu ya gogo, akayakunja vizuri, akanipa.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Namtoa mama," akasema. "Huyu mtoto kapewa jina la mtu ambaye hajui hata sura yake."

Na kweli, hatukuwa na picha ya bibi Monica. Alikuwa hapendi kupigwa picha. Akiona kamera anajifunika kanga mpaka puani. Sura yake ilikuwa imebaki kichwani mwa mwanawe. Mie nilimkumbuka pia, lakini mie siwezi kuchonga hata mwiko.

Kazi ilikwenda vizuri mwanzoni. Mabega yakatoka. Kichwa kikatoka. Nikipita na ndoo naona mtu anazaliwa pale uani. Ikabaki kazi ngumu, yaani macho, mdomo na nembo. Nembo ni zile chale za urembo walizochanjwa usoni wanawake wa Kimakonde wa zamani. Ni mistari midogo, imepangwa mashavuni na kwenye paji la uso. Mstari mmoja ukienda kombo, uso unakuwa wa mtu mwingine.

Hapo ndipo nyundo ilipoanza kusita. Ko. Kimya. Ko, ko. Kimya kirefu.

"Mama Gladness," akaita siku moja. "Njoo ushike hapa. Kila nikiweka patasi, mti unahama."

"Mti haujahama, baba Gladness. Upo hapo hapo."

"Basi macho yangu yanaruka."

Alisema kichwa kinamuuma. Maumivu yanaanzia kisogoni, yanapanda, yanakuja kukaa nyuma ya jicho. Akiinua uso baada ya kazi, uwanja unamzunguka. Akishika ukuta kidogo, unatulia. Mie nikasema ni uzee. Yeye akasema ni miwani.

Akanunua miwani kwa machinga aliyepita barabarani. Alijaribu mbili tatu mbele ya kile kioo kidogo cha machinga, akachukua ile iliyompendeza. Mtu anachagua miwani kama anachagua kofia. Sasa ili aone vizuri ilibidi asogeze pua karibu kabisa na mti. Anakaa kwenye kigoda kifupi, kinyago amekibana kwa magoti, kidevu kimegusa kifua. Anakaa hivyo kutwa.

Baba yake hakuwa akifanya kazi hivyo. Mzee Erasmus alikuwa anaacha kazi kila mara. Anakiweka kinyago juu ya kisiki, anasimama, anakizunguka polepole. Miguu inatembea, kichwa kinageuka, lakini macho hayabanduki usoni pa kinyago. Sie wakwe zake tulikuwa tunamteta jikoni. Tunasema mzee anakwepa kazi. Akiulizwa anajibu, "Namsalimia. Mtu hakodolewi macho kutwa. Anasalimiwa." Tulikuwa tunacheka mpaka machozi yanatoka. Siku hizi nikikumbuka lile jiko la Newala, na moshi wake, na wale wifi zangu ambao wengi wametangulia, nacheka na machozi yanatoka vilevile.

Huku mjini Benedikto aliiacha desturi hiyo. Wafanyabiashara wanataka vinyago haraka. Nani ana nafasi ya kusalimiana na mti?

Jumamosi moja wachongaji wenzake wakamwambia, "Nenda kwa Nurdin akualishe shingo."

Nurdin ni kinyozi wetu hapa Mtongani. Kijana mzuri, mkono wake mwepesi, saluni yake safi. Akimaliza kukunyoa anakufuta kwa taulo la moto. Anakukanda mabega. Kisha anakushika kidevu kwa mkono mmoja na kisogo kwa mkono mwingine, anageuza ghafla. Kah. Unasikia mlio. Anageuza upande wa pili. Kah. Huko ndiko kualisha shingo. Wanaume wa mtaa huu wanapenda mlio huo kuliko kunyolewa kwenyewe. Wengine hawana hata nywele, wanafuata mlio tu.

Benedikto alirudi anatabasamu. "Kichwa chepesi," akasema. Lakini kesho yake maumivu yakarudi. Jumamosi iliyofuata akaenda tena. Kila akienda anamwambia Nurdin, "Zidisha, mwanangu. Ya leo bado."

Basi ikafika Jumamosi ambayo sitaisahau. Ilikuwa mchana, vitumbua vimekwisha, mie naosha vyombo. Benedikto akaingia anapapasa ukuta. Miguu yake inakwenda upande, yeye anataka kwenda mbele. Akasimama akanitazama, jicho moja amelifumba.

"Mbona mko wawili?" akauliza.

Nikadhani utani. "Mmoja tu umemshindwa," nikamwambia, "hao wawili utawaweza?"

Hakucheka. Akainama akatapika kwenye ndoo yangu ya vyombo. Nikaona jasho linamtoka, na uso wake umebadilika rangi. Nikamkalisha chini. Nikakimbilia ndani kuchukua mafuta ya nazi nimchue hiyo shingo.

Jirani yetu Sekela alikuwa anaanika nguo upande wa pili wa ua. Sekela ni Mnyakyusa wa Tukuyu. Anafanya kazi hospitali, kitengo cha mazoezi tiba. Wagonjwa waliopooza, walioteguka, waliovunjika, yeye ndiye anayewafundisha kutumia viungo vyao tena. Aliona mambo yote kutoka kwenye kamba yake ya nguo, akaja mbio.

"Shikamoo mama Gladness. Kafanya nini?"

"Marahaba mwanangu. Katoka kwa Nurdin kualishwa shingo. Nishikie kichwa nimchue."

"Usimguse shingo, mama."

Hakupaza sauti, lakini mkono wangu ulisimama hapo hapo na mafuta. Sekela akachuchumaa mbele ya Benedikto.

"Baba, nionyeshe meno. Haya. Uso haujaenda upande. Inua mikono yote miwili, fumba macho, uishike hapo juu. Haijashuka. Sasa niambie unaitwa nani na unakaa wapi."

Benedikto akasema vizuri, ulimi haukuwa mzito. Lakini aliposimamishwa, akapepesuka tena.

"Tunakwenda hospitali sasa hivi," Sekela akasema.

"Asilale kidogo kwanza?" nikauliza. "Labda ni jua."

"Hapana mama. Mtu akianza ghafla kuona vitu viwili viwili, au kupepesuka, au mdomo kwenda upande, au mkono kukosa nguvu, au kushindwa kusema, hatumlazi tusubiri. Inaweza kuwa kiharusi. Tukichelewa, ubongo unaumia."

Tukaita bajaji. Mie nilikaa katikati nimemkumbatia Benedikto ili kichwa kisitikisike. Akafumba macho. Akasema, "Sesi, sijamaliza uso wa mama."

Sesi ni jina alilokuwa akiniita Newala, kabla ya watoto, tukikutana kwenye mikorosho ya kina babu. Sikulisikia miaka na miaka. Nikalia pale pale kwenye bajaji, sikujali nani ananiona. Niliogopa kwamba nitabaki na kimya uani kwangu.

Hospitali walimpima presha na sukari. Wakampiga picha ya kichwa na ya mishipa ya shingo. Tukasubiri kwenye benchi, Sekela kanishika mkono. Daktari alipotoka alisema hawakuona mshipa uliochanika wala damu iliyoganda. Ameponea chupuchupu. Abaki wamwangalie. Jioni Benedikto akasema naonekana mmoja tu, na nadhani alishukuru. Aliporuhusiwa kurudi nyumbani, daktari alimkataza kualishwa shingo tena maisha yake yote. Akampeleka kwa mtaalamu wa macho apimwe miwani inayomfaa. Kisha akamwandikia mazoezi kitengo cha Sekela.

Jumapili ya wiki iliyofuata, baada ya misa, Sekela akaja kwetu. Nilikuwa nimepika uji wa ulezi. Tumeketi barazani, mara tukamwona Nurdin kasimama nje, kofia kaishika mkononi.

"Shikamoo mama. Nimekuja kumpa pole mzee," akasema. Alikuwa amenyong'onyea. "Nimeambiwa mie ndiye niliyemuumiza."

"Marahaba. Ingia ukae," nikamwambia. "Uji haujakataza mtu."

Sekela akasema afadhali amekuja, maana hili jambo ni la wote. Akamtazama Benedikto. "Baba, niangalie machoni. Usiache kuniangalia. Sasa geuza kichwa kulia polepole. Kushoto. Bado unaniona?"

"Nakuona."

"Kichwa kimekwenda kulia, macho yamebaki kwangu. Maana yake macho yamegeuka kushoto yenyewe, wala hukuyaamrisha. Nani kayaambia?"

Nurdin akasema, "Ubongo."

"Ndiyo. Na ubongo umejuaje kichwa kimegeuka kiasi gani? Unaambiwa na sehemu tatu. Macho yenyewe, kifaa kidogo kilichomo ndani ya sikio, na misuli ya shingo. Mama Gladness, weka vidole vyako hapa chini ya kisogo, penye vishimo. Bonyeza kidogo. Sasa fumba macho. Kichwa usikitikise. Peleka macho kulia, kisha kushoto."

Nikafanya. Nikasikia kitu kinacheza chini ya vidole vyangu, kidogo sana, huku kichwa hakijatikisika hata nukta. Nikastuka. Nimeishi na shingo hii miaka yote na sikuwa najua.

"Hiyo ni misuli midogo ya kisogo," Sekela akasema. "Inafanya kazi pamoja na macho. Kila wakati inapeleka habari kwenye ubongo. Kichwa kimeinama. Kichwa kimegeuka. Sasa baba anainama kutwa. Kichwa cha mtu ni kizito, na kikiinama misuli ndiyo inayokishikilia kisianguke. Misuli iliyokaza muda mrefu bila kutikisika haipati damu ya kutosha. Inachoka, inauma. Na ikichoka, habari inazopeleka zinakuwa si sahihi."

"Halafu?" Benedikto akauliza.

"Umeshawahi kuhamisha kabati, mko watatu? Wawili wanasema leta kulia, mmoja anasema leta kushoto. Kabati linagonga mlango. Ndivyo ubongo unavyochanganyikiwa. Macho na sikio vinasema hivi, shingo inasema vile. Macho yanakosa utulivu. Mstari unaruka. Kichwa kinazunguka."

"Lakini nikialishwa nilikuwa nasikia nafuu," Benedikto akasema.

"Misuli inalegea kwa muda mfupi. Halafu unarudi kuinama kulekule, na maumivu yanarudi. Lakini kuna hatari nyingine, baba." Sekela akagusa pande mbili za koo lake, kisha nyuma ya shingo. "Damu inapanda kwenye ubongo kwa mishipa mikubwa minne. Miwili iko mbele. Miwili inapita nyuma, kwenye matundu ya mifupa ya shingo. Hii ya nyuma inalisha sehemu ya ubongo inayohusika na kuona na kusimama bila kuyumba. Shingo ikisokotwa ghafla kwa nguvu, ukuta wa ndani wa mshipa unaweza kuchanika. Damu inaganda hapo. Bonge likisafiri likaziba mshipa mdogo kichwani, hicho ni kiharusi. Kinaweza kumpata hata kijana."

Nurdin akageuza kofia yake mkononi. "Dada, mie nimealisha shingo nyingi. Mbona hawajapata kitu?"

"Wengi hawapati. Hata wanaovuka barabara ya Bagamoyo bila kuangalia, wengi wanafika upande wa pili. Utamwambia mwanao avuke hivyo?"

Nurdin akatikisa kichwa. Nikamwongezea uji.

"Mie nimesikia misuli ikikaza inabana damu yote isifike kichwani," nikasema. Nililisikia hilo sokoni, nikataka nionekane na mie najua.

"Hapana mama. Misuli ikikaza inaleta maumivu na kuchosha macho, lakini damu inaendelea kupanda. Kinachotisha ni kule kusokota. Na si kila kizunguzungu kinatoka shingoni. Kuna presha, kuna sukari, kuna ugonjwa wa sikio. Ndiyo maana baba alipimwa kwanza, na mazoezi yamekuja baadaye."

Benedikto akaweka kikombe chini. "Sawa. Nimekuelewa, mwanangu. Sasa niambie lini narudi kwa mama."

"Kazi ile ya kuinama ngoja kwanza, mpaka shingo itulie."

"Siwezi kungoja."

"Baba Gladness," nikasema, "huyo mama keshakufa, hana haraka."

"Mie ndiye nina haraka," akasema. "Kila siku nisipomshika namsahau kidogo. Juzi nilijaribu kulikumbuka sikio lake. Sikulipata. Nikingoja, nitachonga bibi yeyote tu, halafu nimdanganye yule mtoto."

Mie nilitazama uji wangu. Sikujua kwamba anaogopa hivyo.

Sekela akasema taratibu, "Baba, sijakukataza kumtazama. Nimekukataza kumwinamia. Mazoezi yenyewe yanahitaji kitu cha kutazama. Hospitali natumia karatasi yenye alama ukutani. Hapa tutamtumia yeye."

Tukachukua meza yangu ya vitumbua, tukaweka kreti la soda juu yake, na juu ya kreti tukamweka bibi Monica. Uso wake ukawa usawa wa macho ya Benedikto akiwa ameketi. Sekela akamfundisha. Keti mgongo umenyooka. Tazama uso. Kichwa kiende kulia polepole, kushoto polepole, macho yabaki pale pale. Kisha juu na chini. Kikizunguka, acha, pumzika. Rudisha kidevu nyuma kidogo, kama unayekataa kijiko. Zungusha mabega. Usivute shingo, usiilazimishe.

Akawa anafanya asubuhi na jioni. Mwanzoni alikuwa anafumba macho na kushika kiti. Baadaye akawa hashiki. Sekela alipoona hivyo akasema, "Sasa simama, baba. Mzunguke huku unatembea polepole. Macho yasibanduke usoni pake."

Mie nilikuwa na upawa mkononi. Ukaniponyoka. Benedikto alikuwa ameshaanza kutembea, nikamwona mabega yake, namna anavyoweka mguu, nikamwona baba mkwe wangu mzimamzima.

"Mzee Erasmus," nikasema.

Benedikto akasimama. Akaelewa. "Namsalimia," akasema, kwa sauti ya baba yake, na tukacheka wote wawili mpaka Sekela akauliza kuna nini. Tukamsimulia. Na yeye akacheka, akasema mzee wetu alikuwa anajitibu kabla hajaugua. Mie nikamwomba mzee msamaha kimoyomoyo kwa yale ya jikoni.

Siku chache baadaye nikamsikia Benedikto ananiita. Kasimama mbali na meza, mikono nyuma.

"Mama Gladness, mama anatazama wapi?"

Nikatazama. Sikuwa nimewahi kumtazama bibi Monica kwa mbali. "Anatazama chini," nikasema.

"Mama yangu alikuwa anatazama chini?"

Jamani. Bibi Monica atazame chini? Sie watu wa Newala tulikaa juu mlimani, maji yako bondeni. Tulikuwa tunashuka na giza, tunapanda na ndoo kichwani. Bibi Monica alikuwa anatangulia. Shingo imesimama, macho mbele, mikono haishiki kitu. Mie nilikuwa mwali mpya, naogopa mawe, natazama miguu yangu, maji yananimwagikia mgongoni. Akaniambia bila hata kugeuka, "Inua shingo, Sesilia. Miguu inaijua njia." Nilimwona kisogo chake vile, na jua linatoka, na ndoo haitikisiki. Ningempa mtu chochote nilichonacho anirudishe siku moja tu kwenye njia ile.

"Huyu si mama," Benedikto akasema. "Hii ni shingo yangu. Nimekaa nimeinama miezi yote hii, nimemchongea shingo yangu."

"Inatengenezeka?"

Akakaribia, akapitisha kidole chini ya kidevu, akapitisha kisogoni. Kwa bahati alikuwa ameacha unene. Na uso ulikuwa bado mtupu, hauna nembo hata moja. "Ningekuwa nimeshachanja nembo, ingekuwa basi," akasema. "Macho yangu yasingeruka, ningemmaliza hivi hivi."

Sekela aliporuhusu kazi, hatukurudi kwenye kigoda. Benedikto alitafuta kisiki kirefu, akakiweka uani. Kinyago kikafungwa juu yake kwa kamba ya mpira, usawa wa kifua, kimelazwa kidogo nyuma ili asiinamie. Miwani yake mpya akavaa. Na mie nikapewa kazi. Kila nikiepua kikaango cha vitumbua naita, "Baba Gladness, msalimie mama." Anaweka patasi chini, anarudi nyuma, anamzunguka, anazungusha mabega, ndipo anaendelea. Zamani yeye ndiye aliyekuwa saa yangu. Siku hizi saa yake ni vitumbua vyangu.

Akapunguza mti kidevuni, akapunguza kisogoni. Kichwa kikainuka kidogo kidogo. Maumivu ya kichwa yalikuwa yamepungua sana, na mstari hauruki tena. Siku alipochanja nembo ya mwisho hakunionyesha. Alifunika kwa kanga.

Nurdin naye amebadilika. Anakanda mabega tu kwa taulo la moto, shingo hasokoti. Wakimng'ang'ania anawaambia, "Nenda ukavuke barabara ya Bagamoyo umefumba macho, ukirudi nitakualisha." Wateja walinuna wiki moja, kisha wakarudi. Wachongaji wenzake Benedikto nao wametafuta visiki virefu, ingawa wanajifanya wamejibunia wenyewe.

Gladness akaja na mtoto. Monica amekua. Shingo imekaza, anakaa mwenyewe, anageuza kichwa kila upande anakotaka. Nilikuwa kwenye kikaango. Benedikto akamketisha mtoto mkekani mbele ya kisiki, akavuta kanga.

Bibi Monica alikuwa anatazama mbele. Nembo zimepangwa mashavuni kama zilivyokuwa. Sikio lile lilikuwa lake. Shingo imesimama, na hapo juu ya kichwa Benedikto ameacha pamebapa kidogo, mahali pa ndoo. Mtoto akainua kichwa, akamtazama. Hakulia wala hakucheka. Alimkazia macho tu.

"Monica," Benedikto akamwambia mtoto, "huyu ni Monica."

Mie nikasema, "Shikamoo mama." Ilinitoka tu. Nikajikuta nimenyoosha mgongo na shingo, kama mwali aliyekutwa anatazama miguu yake. Kisha Gladness akasema mama, vitumbua vinaungua, nikaenda kuviepua.